Mwanamke Aliyesalimia Miguu

Kila asubuhi Brigitte alikanyaga msumari usiokuwapo.

Alikuwa akishuka kitandani, anaweka mguu wa kulia kwenye sakafu ya udongo, na msumari unaingia katikati ya kisigino na kupanda hadi kwenye goti. Mara ya kwanza, mwezi wa tisa mwaka 2002, aliwasha kibatari akapapasa sakafu yote kwa kiganja. Hakukuta kitu. Siku ya pili alifagia. Siku ya tatu hakufagia tena, kwa kuwa alikuwa amekumbuka ni nani aliyekuwa akitembea hivyo: hatua fupi, mkono ukutani, mguu mmoja ukienda kwa vidole kana kwamba chini pana makaa. Alikumbuka, akaketi tena kitandani, akaogopa kugeuza shingo.

Aliyekuwa akitembea hivyo ni mama mkwe wake, Adèle, ambaye watoto walimwita Tate, kama wanavyoitwa mabibi kwao. Adèle alizaliwa Kpandroma, juu, kwenye baridi na viazi. Tangu usichana alibeba maharagwe kwenda sokoni, kamba ya mzigo ikipita kwenye paji la uso, nyayo tupu juu ya mawe. Baadaye aliolewa huku chini, karibu na Bambu, ambako wanaume huchimba dhahabu na wanawake hulima. Alipofika miaka sitini, mgongo wake ulikuwa bado umenyooka. Visigino tu ndivyo vilivyokataa.

Adèle alikuwa na desturi yake. Hakushuka kitandani asubuhi mpaka asalimie miguu. Ndivyo alivyoita mwenyewe. Alikaa amenyoosha miguu yote miwili, akapitisha kitenge chini ya vidole, akakivuta kwake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi, na akiwa anavuta alisali fungu moja la rozari: Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, Atukuzwe moja. Akimaliza aliiuliza miguu, "Mulilala je?" na kuijibia mwenyewe, "Tulilala muzuri." Kisha akashuka, akatembea.

Lingekuwa jambo la kuchekesha tu, lakini katika nyumba ile moto haukuwashwa kabla mke wa mtoto hajamsalimia mama wa nyumba na kujibiwa. Na Adèle hakujibu mtu kabla ya miguu. Kwa hiyo kwa miaka tisa Brigitte alisimama kila asubuhi nje ya mlango wa chumba kile, baridi ikimpanda, mtoto akilia mgongoni.

"Tate, mulilala je?"

Ndani, mnong'ono wa sala.

"Tate?"

"Ngojea, mwanangu. Miguu bado kujibu."

Kisimani Brigitte aliwaigizia wenzake. Alinyoosha miguu kwenye majani, akavuta kitenge, akafumba macho kama mtakatifu. "Mama mukwe yangu iko na uvivu ya kizungu," alisema. "Miguu yake inasalimiwa kama muheshimiwa. Miye nitasalimia mukono yangu siku gani?" Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika.

Alikuwa akiamini kweli kwamba ni uvivu. Mtu anayechechemea saa kumi na mbili, na saa mbili anapita shambani bila kuchechemea, Brigitte hakuona ugonjwa hapo.

*

Watu wenye silaha walipokuja, ilikuwa mwezi wa pili mwaka uleule wa 2002, miezi saba kabla ya msumari, asubuhi yenye ukungu. Hubert, mume wa Brigitte, alikuwa mjini Bunia. Alikuwa seremala, na shule moja ya huko ilikuwa imemwita atengeneze madawati. Brigitte alisikia filimbi kwanza, halafu risasi, halafu mbuzi wakilia upande wa bondeni. Alimfunga mwanawe mchanga Destin mgongoni, akamshika binti yake Tina mkono, akasukuma mlango wa chumba cha Adèle bila kusalimu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, miguu imenyooka, kitenge kikiwa chini ya vidole.

"Tate, simama! Banakuya!"

"Nimesikia, mwanangu. Ngojea. Salamu Maria kumi tu, miguu ikubali."

"Hakuna kungojea! Simama!"

Alimvuta kwa mkono. Adèle alipiga hatua moja, akapiga ya pili, na kwenye ya tatu akaanguka kama mzigo uliokatwa kamba. Brigitte alimvuta tena. Kisigino kilikataa tena. Tina alianza kulia. Adèle alijikokota, akapanda kitandani, akachukua kitenge chake kilichoanguka chini. Uso wake haukuwa na hasira, na jambo hilo Brigitte angelikumbuka kuliko yote.

"Wende," alisema. "Peleka batoto. Miye nitafuata. Acha nisalimie miguu kwanza."

Brigitte alitoka. Akafunga mlango nyuma yake. Hakujua kwa nini aliufunga. Labda kwa mazoea, kwa sababu katika nyumba ile mtu anayetoka hufunga mlango, kuku wasiingie. Alikimbia na watoto mpaka kwenye mikalatusi ya juu ya kilima, na hapo akatazama chini. Paa la nyasi lilikuwa linawaka. Mlango ulikuwa umefungwa, kama alivyouacha. Alisimama hapo mpaka paa likaanguka ndani, na mlango haukufunguka.

Walitembea siku tatu kufika Bunia. Hubert aliwaona barabarani, katikati ya watu wenye magodoro kichwani. Aliwakumbatia watoto, kisha akatazama nyuma yao.

"Mama iko wapi?"

Brigitte alifungua kinywa, na maneno yaliyotoka hakuyatafuta.

"Alitangulia. Alikuwa na majirani, mbele yetu. Hatukumuona tena."

Uongo ule ulikuwa na miguu mizuri kuliko ya Adèle. Tangu siku ile ulitembea kila mahali. Kila kundi jipya la wakimbizi lilipoingia mjini, Hubert aliweka randa chini, akajipangusa vumbi la mbao, akaenda kuuliza. Alikuwa na maneno yake, yaleyale: "Munisaidie. Mama mumoja mufupi, wa kutoka juu ya Bambu. Asubui anachechemea. Jua ikipanda, anatembea muzuri." Watu walitikisa kichwa. Aliporudi, alimwambia Brigitte, "Bado," na Brigitte akapakua chakula.

*

Brigitte alipata kazi ya kufua mashuka katika nyumba moja ya masista. Alikuwa amezoea udongo wa shamba, ambao hupokea mguu. Sasa alisimama kutwa kwenye saruji yenye maji, miguu mitupu ili kandambili zisichakae, na jioni alibeba kuni hadi mtaani kwao. Miezi sita hivi. Ndipo msumari ulipokuja.

Ulifuata desturi, kama ulivyomfuata Adèle. Asubuhi ulikuwa mkali. Baada ya hatua mia ulilegea, na mchana aliweza kuusahau. Akikaa kidogo kula na kusimama tena, ulikuwa hapo. Jioni kisigino kilipwita kama jipu.

Mwenzake wa kufua, Espérance, mwanamke mwenye majibu ya kila jambo, alimtazama wiki mbili kisha akasema, "Mama Tina, umekanyaga kitu."

"Nimekanyaga nini?"

"Dawa ya mutu. Iliwekwa njiani. Kuko mutu uko na neno naye?"

Brigitte aliendelea kukamua shuka.

"Mutu muzima ama mutu ya zamani?" Espérance aliuliza, akipunguza sauti. "Sababu wale ya zamani, wale walikufa, hawasahau."

"Hakuna mutu," Brigitte alisema, na shuka likamponyoka mkononi.

Siku ya Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Espérance. Kisigino kilichanjwa kwa wembe mara saba, na unga mweusi ukasuguliwa ndani. Siku tano hakukanyaga kabisa. Alipokanyaga, msumari wa zamani ulikuwa mahali pake, na juu yake kulikuwa na vidonda saba vipya.

Alianza kusikia mambo. Asubuhi, kati ya usingizi na kuamka, nyuma ya ukuta wa udongo ambako hapakuwa na chumba, kulikuwa na mnong'ono. Aliujua. Ulihesabu Salamu Maria moja baada ya nyingine, bila haraka, ukafika kumi, ukanyamaza. Katika ukimya ule palikuwa na mtu anayengoja kusalimiwa. Brigitte hakuthubutu kusema neno. Aliruka kutoka kitandani ili sauti ikatike, na msumari ukamchoma, naye akaona ni haki.

Hakumwambia Hubert. Angemwambia nini? Kwamba kisigino cha mama yake kimehamia kwake?

Hubert ndiye aliyemlazimisha kwenda kutibiwa. Alimwona akienda ukutani kwa mikono, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Unatembea kama Mama," alisema. Alisema kwa upole, akamchongea fimbo siku hiyohiyo.

*

Mganga wa zahanati ya parokia alikuwa muuguzi mzee, Floribert, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwezi wa kwanza mwaka 2003 zahanati ilijaa watu wa majeraha mabaya zaidi, na Brigitte aliona haya kukaa kwenye benchi kwa ajili ya kisigino. Zamu yake ilipofika alisema haraka, "Ni kitu kidogo, muzee. Nitarudi siku ingine."

"Kaa. Kitu kidogo ndiyo inazuia mutu kukimbia. Lete muguu."

Aliona makovu ya wembe, akavua miwani.

"Mama, weye ulijaribu kuchinja kisigino?"

"Walisema nimekanyaga dawa."

"Umekanyaga saruji. Ile ndiyo dawa kali." Alikunja vidole vya mguu kuelekea juu, akabonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani, pale kisigino kinapoanzia. Brigitte alipiga kelele mpaka mtu mwenye bendeji mlangoni akageuka.

"Basi tumeonana naye," Floribert alisema. "Sikia. Chini ya unyayo kuko mukanda. Unatoka mufupa wa kisigino unaenda mpaka kwa vidole. Unajua ngozi ya mbuzi ikitandikwa?"

"Najua."

"Ukiiacha usiku bila kuivuta, inafanya je?"

"Inajikunja. Inakauka."

"Na asubui mutu akiivuta kwa nguvu mara moja?"

"Inapasuka."

"Ndiyo ile. Muchana unasimama na kubeba, mukanda unachoka, unachanika kidogo. Usiku muguu unalala umelegea, mukanda unajikunja, unajishona wenyewe hivyo mufupi. Asubui weye unaruka, unachana tena. Kila siku. Haikuwa mifupa, haikuwa mutu. Na haikuwa uvivu, juu najua batu banasema uvivu, sababu wanakuona muchana unatembea."

Brigitte alitazama sakafu.

Floribert alimweleza la kufanya, taratibu, kama anayemfundisha mtu wimbo. Asikanyage tena saruji kwa miguu mitupu, hata ndani ya nyumba. Atafute viatu vyenye kisigino kidogo na soli nene, kandambili zilizokwisha azitupe. Kazini atandike gunia lililokunjwa mara nne, na anapoweza afue akiwa amekaa. Jioni aweke chupa ya bia yenye maji baridi chini ya unyayo na kuisukuma mbele na nyuma. Mara tatu kwa siku asimame mbele ya ukuta, mguu mbovu nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, aegemee mpaka nyama ya nyuma ya mguu ivutike, ahesabu thelathini. Vidonge angempa vya siku chache tu, vya kumeza baada ya chakula. Mguu ukivimba, au ukiwa mwekundu na homa, au ukifa ganzi, arudi upesi.

"Na itapona lini?"

"Haina mbio. Miezi sita. Kwa wengine mwaka. Itakuya na kurudi, usikate tamaa." Kisha akanyoosha mkono kwenye kanga iliyokuwa begani mwa Brigitte. "Na ile kubwa kuliko yote nimeiacha mwisho. Asubui, mbele ya kushuka kitandani. Usiruke. Kaa, nyoosha miguu. Pitisha kitenge chini ya vidole, hivi. Kivute kwako, polepole. Shikilia. Mukanda uamke kabla yako. Dakika tatu, ine. Kisha ndiyo unashuka."

Alivuta kidogo kuonyesha. Brigitte alitazama kitambaa kikikazwa chini ya vidole vyake mwenyewe, na chumba kikamwia baridi.

"Mama? Nimekuumiza?"

"Hapana, muzee." Aliukunja mguu wake chini ya sketi. "Nani alikufundisha ile?"

"Mazoezi? Shuleni. Lakini kuko mama wazee banaijua toka zamani bila shule. Muguu wenyewe unafundisha."

*

Alifanya yote. Hubert alimchongea visigino vya mbao laini, akavipigilia chini ya viatu na kuvifunika kwa kipande cha tairi. Masista walimpa kiti na gunia. Tina alipenda chupa, akaisukuma pamoja na mama yake, kila mmoja na mguu wake. Mpaka mwezi wa tatu maumivu ya jioni yalikuwa yamepungua hadi nusu.

Jambo moja hakulifanya. Hakuvuta kitenge asubuhi. Alijaribu mara moja, akakaa, akanyoosha miguu, na nyuma ya ukuta mnong'ono ukaanza pamoja naye. Aliacha. Aliruka kitandani kama kawaida, akachomwa.

Mwishoni mwa mwezi wa nne alikuja Roger, jirani wa zamani aliyekuwa amejificha upande wa Kilo. Alikula kwao, na akiwa anakula alisema kwamba amesikia kwa mtu kwamba huko juu, Kpandroma, kuna mama mzee aliyefika peke yake, anayechechemea.

Hubert aliacha kutafuna. "Asubui?"

"Ee?"

"Anachechemea asubui, ama siku muzima?"

"Sijui, kaka. Nilisikia tu. Mama muzee, anachechemea."

"Kpandroma ni kwao," Hubert alisema. "Angerudi kwao. Iko wapi pengine angeenda?"

Brigitte alishika mwiko mpaka vidole vikafa ganzi. Barabara ya kwenda juu ilikuwa na vizuizi vya watu wenye silaha, na kila kizuizi kilimwuliza mtu jina na kwao, na jibu lililookoa kwenye kizuizi kimoja liliua kwenye kingine. Wiki iliyotangulia wanaume wawili wa mtaa walikwenda kutafuta ndugu. Hakurudi hata mmoja.

"Usiende, Baba Tina," alisema.

"Mama iko ananingojea miye mwaka muzima."

"Usiende. Nakuomba."

"Sababu gani? Niambie sababu moja."

Alikuwa nayo sababu. Neno moja lingetosha kuitoa. Alimtazama mume wake, uso uliokuwa na tumaini kwa mara ya kwanza tangu walipokutana barabarani, akasema, "Njia ni mbaya."

"Najua njia ni mbaya," Hubert alisema, na akaanza kufunga mfuko.

*

Aliondoka alfajiri bila kumwamsha. Brigitte aliamka kwa mlio wa komeo. Alijua papo hapo. Mwanga ulikuwa wa kijivu mlangoni, hatua zake zilisikika zikienda, na wenzake wa safari wangemngoja kwenye nyumba za mwisho za mtaa, kabla ya kizuizi cha kwanza.

Aliteremsha mguu. Kabla haujagusa chini, alijua kitakachotokea. Hatua moja, ya pili, na kwenye ya tatu angeanguka, na Hubert angekwenda.

Nyuma ya ukuta mnong'ono ulianza.

Brigitte alirudisha miguu kitandani. Kwa haraka kitenge kilimtoka mara mbili. Akakipitisha chini ya vidole, akavuta. Alisali kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Bambu, na sauti ile ya nyuma ya ukuta ilikwenda naye, neno kwa neno. Salamu Maria ya kwanza. Ya pili. Mkanda ulilalamika, ukaanza kulegea. Ya tano. Alisikia mbwa, alisikia ndoo ya jirani. Ya nane. Alikuwa akilia sasa, lakini si kwa kisigino. Ya kumi.

Ilikuwa imekwisha. Mwanga mlangoni ulikuwa uleule.

Hivyo tu. Mama mkwe wake alikuwa ameomba muda huo tu, muda wa kufunga mtoto mgongoni, wa kutafuta kandambili. Brigitte alikuwa ametumia muda mrefu kuliko huo kumvuta na kumpigia kelele.

Alishuka. Msumari ulimgusa, haukumchoma. Aliingiza miguu viatuni. Alitembea, akatembea haraka, kisha akawa karibu anakimbia, kanga ikimfuata. Alimkuta Hubert kwenye nyumba ya mwisho, amechuchumaa na wanaume wengine watatu, wakingoja ukungu uinuke.

"Batoto bako na nani?" Hubert aliruka.

"Mama hayuko Kpandroma."

"Brigitte—"

"Hakutangulia. Hakutoka. Nilimuacha kitandani." Alisema mbele ya wanaume wale, kwa kuwa kama angengoja wawe peke yao asingesema. "Aliniomba Salamu Maria kumi. Nilimukatalia. Nilimuvuta akaanguka. Akaniambia nende, atafuata. Na miye nikafunga mulango. Nilikuwa juu, kwa mikalatusi. Niliona nyumba inawaka. Mulango haukufunguka, Baba Tina. Nilingoja mpaka paa ilianguka, haukufunguka."

Wanaume walitazama chini. Hubert alitazama miguu ya mke wake, viatu alivyovipigilia visigino yeye mwenyewe.

"Mwaka muzima," alisema. "Nimeuliza batu mwaka muzima."

"Ndiyo."

"Na weye unanipakulia chakula."

"Ndiyo."

Aliokota mfuko wake. Brigitte alifikiri atakwenda hata hivyo. Lakini alipita kando yake, akarudi upande wa nyumbani, mbele, bila kugeuka. Wale watatu walikwenda juu.

*

Hubert hakumpiga, hakumfukuza. Aliacha kumsalimu. Kila asubuhi aliamka, akamwuliza Tina alilala vipi, akamwuliza hata Destin ambaye hakujua kujibu, akachukua randa, akatoka. Kati yake na Brigitte hapakupita "mulilala je." Brigitte alisalimia miguu yake peke yake, kila siku sasa, bila kuruka hata moja. Msumari ulizidi kufifia. Mnong'ono wa nyuma ya ukuta haukufifia. Ulifika kumi, ukanyamaza, ukangoja, na mara moja, akiwa ameshika kitenge, Brigitte aliuuliza kwa sauti ndogo, "Tate, mulilala je?"

Hakujibiwa.

Mwezi wa tano vita viliingia mjini kwenyewe. Asubuhi moja risasi zilianzia upande wa soko zikaja mtaa kwa mtaa, na nje watu walipaza sauti kwamba kila mtu aende uwanja wa ndege, waliko walinzi wa amani. Hubert alikuwa ameamka. Alimfunga Destin mgongoni kwake, kwa kanga, kama mwanamke. Alimshika Tina mkono. Brigitte alikuwa bado kitandani, mguu mmoja tayari hewani.

Aliuona uso wa mume wake mlangoni, na watoto, na mwanga wa kijivu nyuma yao. Alisikia kinywa chake kikisema maneno ambayo hayakuwa yake.

"Wende. Peleka batoto. Nitafuata."

Hubert hakwenda. Risasi zilipita karibu, na mabati ya jirani yakalia. Alirudi ndani hatua mbili, akachuchumaa mbele ya kitanda, mtoto akining'inia mgongoni.

"Salimia," alisema.

"Baba Tina, hakuna—"

"Salimia kwanza. Miye niko hapa." Akaokota kitenge chini, akampa. "Salamu Maria."

Alihesabu yeye. Alihesabu kwa sauti ya mtu anayepima mbao, bila kuharakisha hata neno, na Brigitte alivuta, macho yake kwenye mikono ya mume wake iliyoshika ubao wa kitanda. Tina alisali nao. Kwenye ya sita mtu alipita akikimbia uani. Kwenye ya tisa Destin alianza kulia. Kwenye ya kumi Hubert alinyamaza, akaangalia nafasi tupu pembeni ya mke wake kitandani, kidogo, kama anayetoa nafasi kwa mtu mwingine amalize.

Kisha akauliza, "Mulilala je?"

Brigitte hakujua kama anaulizwa yeye ama miguu ama nani.

"Tulilala muzuri," alisema.

Walitoka. Mguu ulikubali. Kwenye kizingiti Brigitte alinyoosha mkono nyuma, bila kufikiri, akashika komeo.

"Acha," Hubert alisema. "Ibaki wazi."

Aliachia. Waliingia katika mto wa watu wanaokwenda uwanja wa ndege, viatu vyake vyenye visigino vya mbao vikigonga barabara, na nyuma yao mlango ukabaki wazi, ukicheza taratibu kwa upepo. Hakuna kati yao aliyegeuka kuangalia kama kuna mtu anatoka.